Maua Yalale Chumba cha Baridi

3 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za nyumba uliyozaliwa. Bado imesimama, ingawa bomba la jikoni limeanza kulia kutwa kama limefiwa. Mama hajambo. Goti linamsumbua anapopanda ngazi, halimsumbui anapokwenda kwa jirani. Amri yake ameishikilia: tusipigiane simu mpaka tujifunze adabu. Tangu siku ile tulipogombana kwenye simu yake, anasema kwenye karatasi mtu hawezi kumkata mwenzake kauli. Basi tuandikiane, watu wa posta nao wapate kazi.

Picha yako ya koti jeupe ameitundika juu ya redio. Kila mgeni lazima aonyeshwe. "Huyu ndiye anayesomea jinsi mimea inavyojua chini ni wapi." Mgeni akigeuka kunitazama mimi, Mama anasema, "Na huyu anafunga maua." Nakuambia waziwazi, maana nikilificha litaniozea tumboni: naona wivu. Sikutakii mabaya hata kidogo, lakini picha ile nikiwa nafuta vumbi huwa naifuta ya mwisho.

Sasa jambo lenyewe. Msimamizi wa ghala letu la kufungashia anastaafu, na tumebaki wawili tunaotajwa kushika nafasi yake. Wa kwanza ni mimi, miaka kumi na mmoja mikono ndani ya ndoo. Wa pili tunamwita Bwana Rula. Alihamishiwa kwetu kutoka ofisini akiwa na rula mfukoni, na hupima kila shina, hata lile ambalo kipofu angekuambia ni fupi.

Jumanne iliyopita, kabla ya kutoka kazini, niliandika ubaoni: "Maua marefu yalale chumba cha baridi." Ni gladiola, yale yanayofunguka kuanzia chini kwenda juu. Kwetu hayalazwi hata siku moja. Hukaa kwenye ndoo yakiwa wima, maana ukiyalaza vichwa hujipinda kutafuta juu. Mimi nilimaanisha yakae humo hadi asubuhi, kama mtu anavyosema leo nitalala kwa shangazi. Bwana Rula akasoma "yalale", akayalaza. Mashina mia tatu na ishirini, chali, kwenye masanduku. Nilipomuuliza akanijibu kwa heshima zote, "Si umeandika yalale? Nimeyalaza." Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Kicheko kiliishia mchana. Asubuhi niliyatoa mwenyewe yakiwa yamenyooka, na Meneja alipita akayaona, akaridhika. Nikayasimamisha kwenye ndoo za maji ukumbini, kwenye joto la kawaida. Kufika saa nane yalikuwa yamejipinda yote, nayo yamesimama wima na hakuna aliyeyagusa! Meneja anasema yameharibikia mikononi mwangu, kwamba niliyaweka karibu na dirisha yakafuata mwanga.

Lakini nisikilize. Kila fungu lina kibandiko cha tarehe, na likiwa ndani ya sanduku kibandiko hutazama mfuniko. Nilizizunguka ndoo zote arobaini. Vibandiko vingine vilielekea dirishani, vingine ukutani, vingine mlangoni. Kila fungu lilikuwa limeinama kuelekea kibandiko chake lenyewe, yaani kule kulikokuwa juu lilipokuwa limelazwa. Kwa akili yangu ya ndoo, maua yalijua kwamba yamelala. Baridi ikayazuia kujipinda. Yalipopata joto yakafanya kile yalichokusudia tangu jana, bila kujali kwamba sasa yamesimama. Inawezekana?

Meneja kasema nilete mtaalamu. Nikamwambia mtaalamu ninaye, tumetoka tumbo moja. Amekubali kungoja barua yako hadi mwisho wa Aprili. Iweke kwenye bahasha yake, uifunge kabisa, uandike "Kwa Meneja", asije akasema nimeichezea.

Mama anasema ule ushibe.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima, chumba changu ni kile kile kinachotazama ukuta wa matofali, na viatu ulivyonipa bado vinadai heshima. Mwambie Mama nakula.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye ngazi za maabara. Uliniuliza kazi yangu inaendaje. Au labda hukuuliza, nimejibu tu. Nina mashine ndogo yenye kisahani. Nafunga mche juu yake, kisahani kinauzungusha polepole kutwa kucha, ili mche usijue chini ni wapi. Kwenye ncha ya mzizi kuna chembe za wanga, nzito kidogo, zinazozama hadi chini ya seli kama mchele ndani ya chupa ya maji. Pale zinapotua ndipo mmea unapopaita chini. Ukiuzungusha, chembe hazipati pa kutua, na mzizi unakwenda ovyo. Huu ni mwaka wa pili nazungusha. Wiki iliyopita Profesa alipitia daftari langu lote, akalifunga taratibu, akasema, "Unapima vizuri sana. Ila huoni."

Kuhusu maua yako, nitaangalia.

Nani anamkanda Mama goti siku hizi? Najua ni wewe. Usidhani wivu umepewa peke yako.

Kitinda


28 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako ilikaa njiani mpaka ikapauka. Marahaba hata hivyo. Mama mzima, bomba tumelitengeneza, sasa linalia la bafuni.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta maua yangu. Nimeyakuta mstari mmoja, maneno manne. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeshaanza. Bwana Rula amenunua shati jipya.

Mama amekumbuka kitu jana. Unaikumbuka ile chupa ya maharage? Nilipanda maharage matatu kwenye pamba, nikawa naigeuza chupa kila asubuhi, leo ubavu huu, kesho ubavu ule, na mizizi ikawa inateremka kwa kukata kona kama ngazi. Ukaiomba kuionyesha shuleni, ukarudi na kalamu ya zawadi, na chupa haikurudi. Sikusema neno. Mwaka uliofuata Mama akavunjika mguu, mimi nikabaki nyumbani kumuuguza, na mtihani wangu wa mwisho ukafanyika bila mimi. Hilo nalo sikulisema. Mama anasema, "Mwenye macho haambiwi tazama," na mara zote huwa ananielekea mimi. Nakiri hapo ndipo napata raha kidogo.

Siombi unisifu. Naomba ukurasa mmoja kabla Aprili haijaisha.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi nimepata mafua lakini yanapungua. Hapa kumekuwa na mvua, koti langu jeupe limeingia doa la rangi lisilotoka, kwa hiyo mwambie Mama ile picha aitunze.

Bahasha ya Meneja iko humu. Nimeifunga kama ulivyotaka. Usitarajie makubwa sana, sayansi ina tahadhari zake.

Nimemtumia Mama dawa ya kupaka goti. Apake asubuhi na jioni, na asiwagawie majirani.

Nina haraka leo.

Kitinda


12 Mei

Kitinda,

Salamu utazikuta chini, ni za Mama. Zangu leo sina.

Bahasha nilimkabidhi Meneja ikiwa imefungwa vilevile. Sikuitazama hata kwa kuiinua kwenye taa. Nilivaa gauni langu la kwendea harusi za watu. Tulikuwa watatu ofisini, Meneja, Bwana Rula na mimi, na Meneja akaisoma kwa sauti. "Kujipinda kwa mashina yaliyosimama wima kwa kawaida husababishwa na mwanga unaotoka upande mmoja. Inashauriwa ndoo ziwekwe mbali na madirisha." Nikangoja aendelee. Akaigeuza karatasi, nyuma ilikuwa nyeupe.

Kibandiko hakimo. Baridi haimo. Kulala hakumo.

Unajua nani aliyenitetea? Bwana Rula! Alisafisha koo akasema, "Lakini Meneja, huyu dada alituonyesha vibandiko. Mafungu mengine yaliinama kuelekea ukutani, na ukuta hauna mwanga." Mshindani wangu ndiye aliyekumbuka nilichokiona, na mdogo wangu wa damu ndiye aliyekisahau. Meneja akamjibu kwamba mtaalamu ameshasema, tena mtaalamu niliyemleta mwenyewe. Juzi Bwana Rula amekabidhiwa funguo za ghala. Alizipokea ameinamisha kichwa. Ningempenda zaidi kama angeringa, ningepata wa kumchukia.

Nimejiuliza hivi: Kitinda hajui? Mtu anayezungusha miche miaka miwili hajui? Kama hujui, andika "sijui", ni neno fupi. Ulichoandika ni kitu kingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu naifahamu, nimeifua tangu ikiwa nepi.

Nilikuonea wivu miaka yote hii na nilikuambia usoni. Wewe ulikuwa na nini ambacho hukuniambia?

Mama anakusalimu. Dawa amewagawia majirani.

Dada yako, maana hilo halina bahasha ya kulirudishia


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijui kama itapokelewa. Nimeanza barua hii mara sita, na ya sita ndiyo hii, kwa hiyo nitaandika bila kurudi nyuma kusoma.

Nilijua.

Nilijua nikiwa bado kwenye ngazi za maabara, kabla sijamaliza ukurasa wa pili. Wapo watu waliowahi kulifanya jambo hilo kwenye miche midogo, nilikuwa nimelisoma. Kwenye baridi chembe za wanga huzama kama kawaida, mmea ukajua kwamba umelazwa. Kinachosimama ni ile homoni ya kukuza. Haisafiri kwenda upande wa chini mpaka joto lirudi. Likirudi inakwenda, na upande uliokuwa chini jana unakua haraka kuliko mwenzake, shina linapinda, hata kama sasa limesimama. Ulilieleza lote kwa mistari minne, ukaliita akili ya ndoo.

Kesho yake nilinunua mashina kumi ya gladiola, nikayatia alama ya wino upande wa juu, nikayalaza kwenye friji ya maabara. Siku ya pili niliyasimamisha nikakaa mbele yake. Yalipoanza kuinama kuelekea wino, Dada, sikufurahi. Niliumia. Miaka miwili nazungusha kisahani sijaona kitu, na wewe umezunguka ndoo arobaini mara moja ukaona. Bwana Rula wa familia yetu ni mimi. Mama alikuwa akisema wewe una macho. Mimi nilichopata ni kijicho.

Profesa alipita akayaona. "Hili la kutia alama umelitoa wapi?" Nikanyamaza, naye akachukulia kwamba nimelibuni mimi. Alinisifu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Baada ya hapo ningekuandikia vipi ukweli? Ukweli ungekuwa na jina lako juu yake. Nikaandika habari za mwanga. Kila sentensi niliyomwandikia Meneja ni ya kweli ikisomwa peke yake. Nilikaa siku mbili nikihakikisha hivyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ile chupa ya maharage haikuvunjika shuleni kama nilivyosema. Mwalimu aliuliza nani aliyekuwa akiigeuza, nikasema mimi. Niliitupa nikiwa njiani kurudi, ili usiidai.

Jumatatu nilimwambia Profesa kila kitu. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama ulihesabu ndoo zote arobaini au baadhi, nikasema zote, akaandika. Anataka kazi hii itoke ikiwa na jina lako. Kwenye bahasha hii kuna barua nyingine kwa Meneja, yenye sahihi ya Profesa na yangu. Safari hii sijaifunga. Isome kwanza.

Sitaki kukuuliza kama umenisamehe, lakini nakuuliza.

Kitinda


2 Agosti

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Shikamoo haikataliwi, Mama angenichapa na goti lake hilo hilo.

Sote wazima. Mama anauliza kwa nini nimesoma barua yako nikiwa nimesimama katikati ya jikoni na sufuria mkononi mpaka mboga zikaungua. Nimemwambia umepata mafua tena. Hilo la chupa sijamwambia; ni letu.

Barua ya pili niliisoma, nikampelekea Meneja ikiwa wazi. Aliisoma kimya, akairudia, halafu akateremka ghalani na kusema mbele ya watu wote kwamba maua yale hayakuharibikia mikononi mwangu. Watu wakapiga makofi, wengine bila kujua kwa nini. Nilishukuru. Kiti lakini kimeshakaliwa, na hakuna aliyemwinua mtu. Bwana Rula anakuja kuniuliza kila kitu, kisha anakwenda kuagiza nilichomwambia. Ubaoni siku hizi haandiki "yalale". Anaandika "yakeshe yakiwa yamesimama", na mara ya kwanza nilipolisoma nilicheka, nikaenda chooni nikalia. Funguo zikilia kiunoni mwake bado moyo unanichoma. Nakuambia ili usidhani barua imetibu.

Mwambie Profesa nilihesabu arobaini, na mafungu mawili hayakuinama kabisa. Yalikuwa chini ya masanduku mengine yakabanwa. Hilo sikukuandikia mwanzo kwa sababu nilitaka hadithi yangu itimie. Alijue, asije akachekwa. Jina langu liandikwe kamili. Nisikute mahali palipoandikwa "mfungashaji mmoja".

Umeniuliza swali lako la mwisho. Nimekaa nalo wiki tatu. Naweza kukuandikia hapa kwamba yameisha, na mwandiko wangu ukautazama utaona umenyooka. Usiuamini. Yale maua nayo yalitoka baridini yamenyooka, Meneja akayakagua akaridhika.

Likizo yako ni Desemba. Njoo. Utalala upande wa ukutani kama zamani, tutakula, tutamkanda Mama goti kwa zamu. Nipe wiki nzima kwenye joto, Kitinda, ndipo tutakapojua nimeinamia wapi.

Dada yako